Amri ya Kaisari na Amri ya Bwana: Kulisikiliza Upya Neno Entole

Usiku wa Krismasi, kabla hatujafika horini, msomaji husimama na kutusomea Luka sura ya pili, na neno zito la kwanza tunalolisikia ni amri. Imetoka kwa Kaisari Augusto: watu wote waandikwe. Miezi michache baadaye, jioni ya Alhamisi Kuu, tumeketi kimya kanisani, pengine na beseni la maji liko mbele ya madhabahu, msomaji anatusomea Yohana 13. Tunasikia tena amri. Safari hii Bwana anawapa wanafunzi wake amri mpya, kwamba wapendane.

Anayesikiliza kwa Kiswahili hana njia ya kujua kwamba amesomewa maneno mawili tofauti. Luka aliandika dogma. Yohana aliandika entole. Kwetu yote mawili ni amri, na tumezoea hivyo tangu tukiwa watoto wa shule ya Jumapili, wala hatukuona shida. Sisi tunaoandika hapa tuliona shida hiyo tukiwa watu wazima, tumekwisha kubarikiwa, tumekwisha kuhubiri Krismasi nyingi na Alhamisi Kuu nyingi, na tulioneshwa na mzee wa kanisa ambaye hajui hata herufi moja ya Kiyunani. Habari yake tutaileta mbele. Kwanza tulitazame neno lenyewe.

Entole linatokana na kitenzi entellomai, kuagiza, kumkabidhi mtu jambo alifanye. Katika Agano Jipya neno hili limetumika zaidi ya mara 60. Wayahudi waliotafsiri Maandiko kutoka Kiebrania kwenda Kiyunani, karne kadhaa kabla ya Bwana kuzaliwa, ndilo walilolichagua mara nyingi kwa neno mitswa, lile ambalo Myahudi hulitumia hadi leo kwa mambo ambayo Mungu amewaagiza watu wake. Kwa hiyo Yesu na mitume walilikuta neno likiwa na historia ndefu ya nyumbani. Tena lilikuwa neno la kazi za kila siku. Katika Matendo 17:15, ndugu waliomsindikiza Paulo mpaka Athene wanarudi wakiwa wamebeba entole yake kwa Sila na Timotheo: wamfuate upesi. Katika Wakolosai 4:10 kanisa limekwisha kupokea entole kumhusu Marko, binamu yake Barnaba, na Paulo anaongeza kwamba akifika wampokee. Yeyote aliyewahi kupanda basi akiwa amepewa ujumbe wa kumfikishia shangazi anaijua hali hiyo. Kuna anayetuma, kuna anayetumwa, wanafahamiana, na kati yao kuna jambo lililokabidhiwa.

Dogma ni neno la jumba la mtawala. Ni jambo lililokwisha kuamuliwa juu na kutangazwa chini. Kaisari Augusto hakumjua seremala wa Nazareti wala hakuwa na habari kwamba mchumba wake alikuwa karibu kujifungua. Alitaka idadi. Dogma haina haja ya kumjua mtu, inahitaji jina lake tu kwenye orodha. Ndiyo maana kule Thesalonike, katika Matendo 17:7, washitaki wanalia kwamba Wakristo wanakwenda kinyume cha dogmata za Kaisari kwa kusema yupo mfalme mwingine, Yesu. Biblia yetu ya Union inasema pale amri za Kaisari, na imesema sawa. Hakuna Mswahili ambaye angesema vinginevyo.

Tuseme mapema, asije mtu akadhani tunawashambulia wafasiri wa Union, waliotupatia Biblia nzima mwaka 1952. Kiswahili chao tumekua nacho, na tunakipenda kuliko tafsiri zilizokuja baadaye. Pia hoja yetu haihusu asili ya neno. Mmisionari wa Kilutheri Karl Roehl, ambaye Biblia yake ilitoka mwaka 1937, alijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu. Sisi hatuna ugomvi na amri kwa kuwa ilitoka Uarabuni. Ilikwisha kuwa ya kwetu zamani sana. Na anayetaka kumlaumu mfasiri wa Kiswahili amlaumu na Martin Luther mwenyewe, kwani katika Kijerumani chake Kaisari Augusto anatoa Gebot, na Bwana Yesu mezani anatoa Gebot vile vile. Kosa hili, kama ni kosa, lina wakubwa ndani yake.

Lakini katika Injili ya Yohana yetu ya Kiswahili limetokea jambo ambalo Luther hakulifanya, nalo ndilo lililotusukuma kuandika. Mpendwa msomaji, ifungue Biblia yako ya Union uende nasi hatua kwa hatua.

Anza na Yohana 10:18. Yesu anasema habari ya kuutoa uhai wake na kuutwaa tena, na kwamba jambo hilo alilipokea kwa Baba yake. Kiyunani ni entole. Kiswahili ni agizo. Sasa nenda 11:57. Lazaro amefufuliwa, wakubwa wameshituka, na wakuu wa makuhani pamoja na Mafarisayo wametangaza kwamba mtu akijua alipo Yesu alete habari, wapate kumkamata. Kiyunani ni entole tena, au entolai kwa wingi katika nakala za kale zaidi. Kiswahili ni amri. Endelea hadi 12:49 na 50, ambapo Yesu anasema Baba ndiye aliyempa la kunena, na kwamba jambo hilo ni uzima wa milele. Kiyunani ni entole. Kiswahili kinarudi kwenye kuagiza na agizo. Halafu sura moja tu mbele, 13:34, neno lile lile la Kiyunani likitoka kinywani mwa Yesu kwenda kwa wanafunzi, Kiswahili ni amri.

Tazama kilichotokea. Baba anampa Mwana agizo. Mwana anatupa sisi amri. Na neno hilo amri, kwa msomaji anayeifuata Injili hii sura kwa sura, mara ya mwisho lilikuwa midomoni mwa watu waliokuwa wakitafuta kumwua. Bila kukusudia, tafsiri imelitenga neno la Bwana kwetu na neno la Baba kwake, na kuliketisha upande wa makuhani wakuu.

Inawezekana mfasiri aliona ni utovu wa adabu kusema Baba alimwamuru Mwana, kana kwamba Mwana ni askari. Kama ndivyo, moyo wake ulikuwa mwema. Alihisi kwamba amri lina ukali usiofaa kati ya Baba na Mwana. Swali letu ni hili: kama lina ukali usiofaa pale, kwa nini linafaa kati ya Mwana na rafiki zake, tena usiku ambao ametoka kuwaosha miguu? Katika 15:10 Kiswahili kinajirekebisha kidogo, kwa kuwa pale neno amri limetumika pande zote mbili, za Baba kwa Yesu na za Yesu kwetu. Ila kufikia hapo msikilizaji amekwisha kuijenga picha yake.

Na Yohana anayo sababu ya kulitumia neno moja mahali pote hapo. Hakuliogopa hata kwa makuhani. Anaziweka entole mbili zitazamane: moja ya Baba, inayompeleka Mwana kuutoa uhai wake kwa hiari, nyingine ya wakubwa wa Yerusalemu, inayotaka kumnyang'anya uhai huo. Zinakutana mahali pamoja, msalabani. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba entole lina utamu wake lenyewe. Neno hili huchukua sura ya anayelitoa. Katika Luka 15:29 mwana mkubwa anajivuna kwamba hajavunja entole ya baba yake hata moja, na papo hapo anasema miaka yote amemtumikia kama mtumwa. Baba yule alikuwa na mwana shambani, ila mwana alijiona ana bwana. Amekaa nyumbani miaka mingi akilisikia neno la baba kwa masikio ya mtumwa, na hata mbuzi hakuwahi kumwomba.

Hapa tunarudi kwenye Kiswahili chetu na jinsi tunavyolitumia neno amri mitaani, maana masikio tunayokuja nayo kanisani Jumapili ndiyo tuliyokuwa nayo Jumamosi.

Amri ni ya mahakama. Amri ni ya gwaride, na mkuu wa majeshi yote tunamwita Amiri Jeshi. Mtu akikuuliza kwa hasira unaniamuru wewe kama nani, umeelewa kwamba amri huhitaji cheo. Amri haielezwi sababu. Anayeitii anaweza kuwa anamchukia aliyeitoa, na bado ameitii. Hayo yote yanamfaa Kaisari sana.

Kuna matumizi mengine yanayotuumiza zaidi, nayo ni ya msibani. Kijana amegongwa na gari, dereva alikuwa amelewa na kila mtu pale anajua alikunywa wapi. Tunafika nyumbani, turubai limefungwa, akina mama wako ndani na mfiwa, na mtu mzima mwenye nia njema anainuka kusema: tutafanyaje, ni amri ya Mungu. Tumelisikia jambo hili mara nyingi, na siku nyingine tulikaa kimya kwa kuwa kaburini si mahali pa kubishana. Lakini hapa kwenye karatasi tuseme. Katika Agano Jipya hakuna mahali hata pamoja ambapo nomino entole ina maana ya ajali au kifo kilichopangwa juu ya mtu asiye na habari. Entole husemwa kwa mwenye masikio, naye anaweza kuishika au kuivunja. Hata ile ya Yohana 10:18, ambayo kweli inahusu kifo, Mwana aliisikia akaikubali, na anasisitiza katika aya hiyo hiyo kwamba hakuna anayemwondolea uhai wake. Kama tunatafuta entole katika msiba ule wa barabarani, ipo: ile inayokataza kuua, ambayo dereva aliivunja. Mama aliyezoea kuambiwa kwamba mwanawe alichukuliwa kwa amri ya Mungu, akija Alhamisi Kuu na kusomewa kwamba Bwana ana amri mpya, atasikia nini? Tunaogopa atajikunja, kama mtu anayesubiri kupigwa tena.

Na sasa kosa letu. Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika tuliokuwa tukihudumu, tulikuwa tukiezeka kanisa. Mabati yalikuwa yamepanda bei, mafundi walikuwa wakidai, na ahadi za washarika zilikuwa zimebaki kwenye daftari. Jumapili moja wakati wa matangazo tulisimama, kanzu bado mwilini, tukasema kwa sauti ya juu kwamba kumalizia ahadi hakuna mjadala, ni amri ya Bwana. Fedha ziliingia. Tulifurahi.

Baada ya ibada, kwenye mnada wa mavuno, mzee mmoja wa kanisa alitusogelea. Akatusalimu kwa heshima zake zote, kisha akauliza polepole, "Baba Mchungaji, naomba kueleweshwa. Hii ya mabati ni amri ya kumi na moja?" Tulicheka, naye akacheka, akanunua kuku wake akaondoka. Wiki iliyofuata yeye ndiye aliyetueleza kwamba mjane mmoja wa mtaa wake hakushiriki Meza ya Bwana Jumapili ile wala hatashiriki, kwa sababu ahadi yake haijakamilika na mchungaji amekwisha kusema ni amri, na mvunja amri hawezi kukaribia madhabahu. Tulikwenda nyumbani kwake siku hiyo hiyo. Alitukaribisha, akatupikia chai, wala hakutulaumu kwa neno lolote. Hilo lilikuwa gumu kuliko lawama.

Usiku ule ndipo tulipoifungua 2 Wakorintho 8 kwa Kiyunani. Paulo yuko katika hali kama yetu, anachangisha, na kanisa la Korintho limeahidi likachelewa. Alikuwa mtume, na neno la mamlaka analo, epitage, amri itokayo kwa aliye juu kwenda kwa aliye chini. Analitaja katika 8:8, na analitaja ili kulikataa: hasemi nao kwa njia hiyo. Kisha mara moja, katika aya inayofuata, anawakumbusha neema ya Bwana aliyekuwa tajiri akawa maskini kwa ajili yao. Ni mtu yule yule ambaye katika 1 Wakorintho 7:25, akiulizwa habari ya wasioolewa, anakiri kwamba hana epitage ya Bwana, anatoa maoni yake tu. Paulo alijua kutenganisha lililotoka kwa Bwana na lililotoka kwa Paulo, na hakuona haya kusema hili ni langu. Sisi kwa ajili ya mabati tulishindwa. Na tunadhani hatuko peke yetu. Tumesikia amri ya Bwana ikitajwa juu ya sare za kwaya, juu ya nani akae kiti gani, juu ya wanawake kusuka nywele. Kila mara neno likitumika hivyo, linapungukiwa. Siku tutakapolihitaji kwa jambo ambalo Bwana aliliagiza kweli, watu watakuwa wamekwisha kulizoea kama walivyozoea matangazo ya kipaza sauti cha sokoni.

Hapo Mlutheri mwenzetu anaweza kutuzuia. Atasema: ninyi mnataka kuilainisha sheria. Amri inapaswa kuuma. Sheria hutuonesha dhambi, Injili hututibu, na mkiondoa ukali wa kwanza mmeondoa na haja ya dawa. Tunalichukua pingamizi hili kwa uzito, maana ndivyo tulivyolelewa. Lakini tusome Warumi 7 vizuri. Paulo anasema kweli kwamba entole ilipokuja yeye alikufa. Kisha anamtaja muuaji kwa jina, na muuaji ni dhambi, iliyoikamata entole na kuitumia kama silaha. Entole yenyewe anaitetea: ni takatifu, ni ya haki, ni njema, na ilikuwa imekusudiwa uzima. Ukali unaouma katika sura ile ni wa mgonjwa aliyeoneshwa picha ya afya aliyopoteza. Kaisari hawezi kumwonesha mtu kitu cha namna hiyo.

Katekismo Ndogo ya mwaka 1529, ambayo vijana wetu wa Kipaimara huisoma kabla ya kitu kingine, inajua jambo hili. Katika maelezo ya kila amri Luther anaanza kwa kumcha na kumpenda Mungu, yote mawili pamoja, na hapo ndipo anapoeleza la kufanya. Tunamshukuru. Jambo moja tu tunathubutu kumlalamikia. Alipoziandika Amri Kumi katika kitabu hicho aliuacha utangulizi wake wa Kutoka 20:2, kwamba Mungu anayesema hapa ndiye aliyekwisha kuwatoa watu wake utumwani Misri. Alikuwa na sababu zake, kwani Wajerumani wa Saxony hawakuwahi kukaa Misri. Lakini kijana wa miaka 14 akizikariri amri bila utangulizi huo, anakutana na katazo kabla hajakutana na mkombozi. Na Kiebrania chenyewe, katika Kutoka 34:28 na Kumbukumbu la Torati 4:13, hakiziiti amri kumi. Kinaziita maneno kumi, na wafasiri wa Kiyunani waliacha vivyo hivyo.

Tumetaja kukariri, na hapo pana jambo jingine dogo. Tukimwuliza kijana wa Kipaimara kama amezishika Amri Kumi, anajibu ndiyo, maana yake anaweza kuzisema bila kitabu. Kushika kwetu ni kwa kichwa. Neno ambalo Yohana analiweka pamoja na entole ni tereo, kutunza, kulinda kitu kisipotee. Ni neno hilo analolitumia kwa divai njema iliyotunzwa hadi sasa kule arusini Kana, na kwa Yesu akiwatunza wanafunzi wake katika sala ya sura ya 17. Anayeishika entole ya Bwana amefanana na mwenye nyumba anayeitunza mbegu ya msimu ujao hata kama njaa iko mlangoni.

Basi tuite nini? Wengi watasema agizo, na masikio yetu yanavutwa huko. Kuagiza ni neno la nyumbani, linakaa jirani na kuaga, kuagana na agano. Kanisa limekwisha kulitumia kwa namna ya kuchekesha: Mathayo 28:19 na 20 tunaiita Agizo Kuu, ingawa Biblia ya Union pale inasema Bwana aliwaamuru, na Mathayo 22 tunaiita Amri Kuu, ilhali mzizi wa Kiyunani mahali pote pawili ni mmoja. Lakini agizo nalo limekwisha kuchoka. Fungua gazeti lolote: waziri ametoa maagizo, mkuu wa mkoa ametoa maagizo, na mwezi ujao atatoa tena yale yale kwa kuwa hayakutekelezwa. Pia agizo ni la duka, tunaagiza vipuri na nguo. Hatuoni faida ya kulitoa neno moja la serikali na kuweka jingine la serikali hiyo hiyo.

Liko neno la tatu ambalo hatujalisikia likipendekezwa, nalo ni wosia. Tunalipendekeza kwa mimbari, hatusemi Biblia ichapwe upya. Waebrania 11:22 inamtaja Yusufu alipokuwa karibu kufa, namna alivyowaachia ndugu zake neno kuhusu mifupa yake, wasiiache Misri. Kitenzi pale ni entellomai. Katika 2 Wafalme 20:1 nabii Isaya anamwendea Hezekia aliye mgonjwa wa kufa na kumwambia aweke mambo ya nyumba yake sawa. Kiebrania cha pale, kwa neno kwa neno, ni agiza nyumba yako, kwa mzizi ule ule wa mitswa, na Kiyunani kinatumia entellomai. Kwa Waebrania na kwa wafasiri wao, la mtu anayekufa kwa watu wa nyumba yake lilikuwa katika ukoo mmoja na amri za Mungu. Na Yohana 13 ni nini kama si hivyo? Ni usiku wa mwisho. Yuda ametoka, mlango umefungwa, na Yesu anawaita wale waliobaki watoto wadogo, anawaambia yuko nao kitambo kidogo tu. Halafu ndipo anatoa entole yake mpya. Kila familia inaijua saa hiyo. Watu wameitwa kitandani, redio imezimwa, na mzee anasema kwa sauti ndogo: msimwache mama yenu, msigombanie shamba.

Wala wosia si laini kuliko amri. Amri ya mkuu wa wilaya tunaivunja mchana tukimwona amepita. Wosia wa mama mtu hauvunji hata akiwa peke yake porini, na akiuvunja halali usingizi, ingawa hakuna polisi atakayekuja. Aliyeutoa hana tena mkono wa kumchapa mtu. Nguvu yake yote ni kwamba alitupenda na hayupo. Ukizidi kuutii, unazidi kumkumbuka. Kwa habari ya Bwana tunaongeza kwamba yu hai, na hapo wosia wetu unapita wosia wote, lakini usiku ule wanafunzi hawakulielewa hilo bado. Walisikia tu kwamba anakwenda zake.

Mjane tuliyemtaja alirudi Mezani Jumapili iliyofuata. Kabla ya matangazo tulisimama tena, bila kupaza sauti, tukawaambia washarika kwamba lile la mabati lilikuwa letu, Bwana hakulisema. Kanisa likanyamaza. Mzee yule aliinamisha kichwa kidogo tu. Baadhi ya ahadi hazikulipwa mpaka leo, na upande wa kaskazini wa paa ulikaa na turubai misimu miwili ya mvua. Kuna wajumbe wa baraza wanaoamini hadi sasa kwamba tulikosea kusahihisha hadharani, nao wana hoja zao, na katika vikao tumezisikiliza zaidi ya mara moja.

Alhamisi Kuu ya mwaka ule tulisoma Yohana 13 na tukaendelea hadi mwisho wa sura ya 14, jambo ambalo si kawaida. Tulitaka kufika aya ya 31. Pale Yesu anasema ulimwengu ujue kwamba anampenda Baba, na kwamba anafanya kama Baba alivyomwamuru. Kitenzi ni kile kile, entellomai. Maneno yake yanayofuata ni ya mtu anayeinuka mezani: anawaambia waondoke pale, waende. Na nje, ng'ambo ya kijito cha Kidroni, askari wa ile entole nyingine walikuwa wanakuja na taa zao.